Protini kwenye mlo: namna ya kupiga hesabu yako na kuitosheleza kwa chakula cha kawaida

Ukimwambia mtu aongeze protini, mara nyingi atawaza pande la nyama au kopo la unga lenye picha ya kijana aliyejaa misuli. Matokeo yake, wanaoihangaikia sana protini ni watu ambao tayari wanaipata ya kutosha. Wenye upungufu wa kweli hawaulizwi: mzee aliyepoteza hamu ya kula, mtoto aliyetoka kuachishwa ziwa, mgonjwa anayejikokota kurudi kwenye afya yake. Nimeandika mwongozo huu nikiwafikiria wao zaidi, pamoja na wale wanaowapikia. Kila mtu mzima mwenye afya ataweza kuutumia. Andaa mizani ya kupimia mwili, kalamu na karatasi, na ikiwezekana mizani ndogo ya jikoni.

Hatua ya 1: Elewa mwili unaifanyia nini

Misuli ni sehemu tu ya kazi yake. Himoglobini inayobeba oksijeni ndani ya damu ni protini. Kingamwili zinazopambana na vijidudu ni protini, vimeng'enya vinavyosaga chakula ni protini, na homoni ya insulini vilevile. Kolajeni, inayoshikilia ngozi, mifupa na kano, ndiyo nyingi kuliko zote. Hukaribia theluthi ya protini yote ya mwili. Zote huchakaa na kubadilishwa. Mtu mzima huvunja na kujenga upya takriban gramu 250 hadi 300 kwa siku, na sehemu kubwa ya ujenzi huo hutumia malighafi ileile iliyovunjwa. Kile kinachopotea katika mzunguko huo ndicho chakula kinapaswa kukirudisha.

Protini ya chakula haiingii kwenye damu ikiwa nzima. Asidi ya tumbo na kimeng'enya cha pepsini huanza kuikatakata, vimeng'enya vya kongosho huendeleza kazi kwenye utumbo mwembamba, na kinachofyonzwa hasa ni asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyoiunda protini. Zinazotumika kujenga mwili wa binadamu ni 20. Kati ya hizo, 9 mwili hauwezi kuzitengeneza wenyewe, hivyo lazima ziliwe: histidini, isoleusini, leusini, lisini, methionini, fenilalanini, threonini, triptofani na valini. Huna haja ya kuzikariri. Shika moja tu, lisini, kwa sababu tutairudia.

Jambo la mwisho kabla ya hesabu: mwili una akiba ya mafuta, lakini hauna akiba ya protini iliyokaa ikingoja. Ukila zaidi ya mahitaji, ini hutenga nitrojeni na kuigeuza urea inayotoka kwa mkojo, na kinachobaki huchomwa kwa ajili ya nguvu au huishia kuwa mafuta. Ukila pungufu kwa muda mrefu, mwili hujilipa kutoka kwenye misuli. Mgonjwa anayekonda mapaja na mikono akiwa kitandani anajilipa hivyo.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya gramu zako

Ripoti ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, iliyotoka mwaka 2007, iliweka kiwango salama cha mtu mzima kuwa gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji takriban gramu 50, na mwenye kilo 75 takriban gramu 62.

Tambua kwamba hizi ni gramu za protini yenyewe, si gramu za chakula. Kipande cha nyama cha gramu 100 hakina gramu 100 za protini. Kosa hili hulikuta kila mahali, hata kwa watu wanaojiona wameshaielewa mada.

Ikiwa uzito wako umezidi sana, usizidishe kwa kilo zote, kwani tishu ya mafuta haidai protini kama misuli. Tumia uzito unaolingana na kimo chako: zidisha urefu wako kwa mita mara wenyewe, kisha mara 24 au 25. Mtu wa mita 1.65 atapata kati ya kilo 65 na 68, na hizo ndizo za kupigia hesabu.

Kisha rekebisha kulingana na hali yako:

- Mwenye umri wa miaka 65 na kuendelea: gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo. Misuli ya mzee huitikia protini kwa uvivu zaidi kuliko ya kijana, kwa hiyo inahitaji dozi kubwa zaidi ili ijengeke kwa kiasi kilekile. Akiwa mgonjwa, wataalamu hupandisha hadi 1.2 au 1.5.
- Mjamzito: nyongeza ni ndogo sana miezi mitatu ya mwanzo, takriban gramu 10 kwa siku miezi mitatu ya katikati, na takriban gramu 31 miezi mitatu ya mwisho.
- Anayenyonyesha: ongeza takriban gramu 19 kwa siku katika miezi sita ya kwanza, kisha takriban 12 au 13.
- Anayefanya mazoezi mazito: 1.2 hadi 2.0 kwa kilo. Kwa lengo la kujenga misuli, faida ya kuvuka 1.6 kwa wengi ni ndogo mno.

Andika namba yako juu ya karatasi. Kuanzia hapa utaongozwa na namba hiyo, wala si matangazo.

Hatua ya 3: Jua kilichomo kwenye sahani

Takwimu zifuatazo ni za makadirio, kwani aina ya chakula na mapishi huzisogeza kidogo. Zinatosha kwa kazi yetu.

- Yai moja la wastani: gramu 6
- Glasi ya maziwa ya mililita 250: gramu 8
- Kuku wa kifuani aliyepikwa, gramu 100: gramu 31
- Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi, iliyopikwa, gramu 100: gramu 26
- Samaki aliyepikwa, gramu 100: gramu 20 hadi 25
- Maharage au dengu zilizopikwa, gramu 100: gramu 8 hadi 9
- Soya iliyopikwa, gramu 100: gramu 17
- Karanga, gramu 30 (kiganja kimoja): gramu 7
- Wali, gramu 100: chini kidogo ya gramu 3
- Mkate, gramu 100: gramu 8 hadi 9
- Viazi vilivyochemshwa, gramu 100: gramu 2

Orodhesha ulichokula jana, kila kitu, ujumlishe. Usichague siku ya sherehe. Chagua siku ya kawaida. Watu wazima wengi wanaokula milo mitatu hushangaa kukuta wameshavuka namba yao, kwa sababu walikuwa hawahesabu nafaka na kunde. Ukikuta pengo, liandike kwa gramu. Pengo la gramu 10 huzibwa na mayai mawili, au kikombe kidogo cha dengu. Ukiliona kwa namba, pengo halitishi.

Nataka kusema neno kuhusu supu. Kuna imani iliyoenea kwamba nguvu yote ya nyama au mifupa huhamia kwenye mchuzi, kwa hiyo mgonjwa hupewa mchuzi mtupu na wazima wakala nyama. Sehemu kubwa ya protini hubaki kwenye nyama. Inayoyeyuka kutoka kwenye mifupa na ngozi ni jelatini, ambayo haina triptofani kabisa, kwa hiyo peke yake haiwezi kujenga mwili. Mchuzi unafaa kwa maji na chumvi, na humsaidia asiyeweza kutafuna. Ila kama mgonjwa anaweza kumeza, mpe nyama iliyosagwa laini humo humo kwenye supu, au koroga yai ndani yake supu ikiwa inachemka hadi liive. Badiliko hilo moja linaweza kumtoa mtu kwenye gramu mbili hadi kumi na tano kwa mlo.

Hatua ya 4: Changanya vyanzo

Hapa ndipo lisini inapoingia. Ili mwili ujenge protini yake, zile asidi amino 9 zote lazima ziwepo kwa pamoja, kama fundi anayetunga shanga za rangi tisa kwa mpangilio maalumu: rangi moja ikiisha, mkufu husimama hata kama nyingine zimejaa bakuli. Mayai, maziwa, nyama na samaki huja na rangi zote kwa uwiano mzuri. Nafaka karibu zote zina upungufu wa lisini, na mahindi yamepungukiwa triptofani pia. Jamii ya kunde, yaani maharage, dengu, choroko, njegere na wenzao, imejaa lisini lakini ina methionini kidogo, ambayo nafaka inayo. Kila mmoja anaziba tundu la mwenzake.

Ndiyo sababu wali na maharage, au mkate na dengu, ni mlo kamili usiohitaji kuombewa radhi. Na si lazima viliwe katika mlo mmoja. Ukila nafaka asubuhi na kunde jioni, mwili huweza kuvioanisha ndani ya siku. Soya iko karibu zaidi na vyakula vya wanyama kwa ubora wa protini yake.

Wasiokula vyakula vya wanyama waongeze kidogo kwenye namba yao ya Hatua ya 2. Kile kiwango cha 0.83 kinachukulia protini yenye ubora kamili, ilhali protini ya mimea husagika pungufu kidogo. Binafsi ningeongeza kama sehemu moja ya tano ya namba, ili kuwa salama. Mwenye kilo 60 angelenga gramu 60, na siku yake ingeweza kwenda hivi: uji wa nafaka wenye karanga zilizosagwa gramu 30 asubuhi, takriban gramu 10; wali gramu 200 na dengu gramu 250 mchana, takriban gramu 27; soya iliyopikwa gramu 100 na mkate vipande viwili usiku, takriban gramu 23. Jumla inafika palepale. Asiyekula chochote cha wanyama ahakikishe pia ana chanzo cha vitamini B12, maana hiyo mimea haimpatii.

Hatua ya 5: Hakikisha nguvu inatosha kwanza

Hatua hii huachwa na miongozo mingi, nami naiona ya maana kuliko zote. Gramu moja ya protini hutoa kalori 4, sawa na wanga. Mtu asipokula chakula cha kutosha kwa ujumla, mwili hauiachi protini ijenge. Unaichoma kama kuni, kwa sababu kuishi leo kunatangulia kujenga misuli ya mwezi ujao. Kumpa aliyekonda mayai matupu huku akikataa wanga na mafuta ni kazi ya bure. Mpe yai, na pamoja nalo kijiko cha mafuta kwenye chakula chake na kitu cha wanga.

Kwa mtoto mdogo jambo hili huamua mengi. Mtoto wa mwaka mmoja mwenye kilo 10 anahitaji takriban gramu 11 tu za protini kwa siku. Ni kidogo kiasi kwamba yai moja na robo tatu ya glasi ya maziwa humtosheleza. Basi kwa nini watoto hudhoofu? Mara nyingi ni kwa kuwa tumbo lao ni dogo na uji wanaopewa ni mwepesi mno: wanashiba maji. Uzito wa uji, mafuta kidogo ndani yake, karanga au maharage yaliyosagwa laini, na milo midogo ya mara kwa mara huleta tofauti. Kabla ya miezi sita maziwa ya mama pekee yanatosha. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji kikuu cha mtoto kabla hajatimiza mwaka.

Mtoto akivimba miguu au uso, nywele zikibadilika rangi na kung'oka kwa urahisi, akawa mnyonge asiyetaka hata kucheza, usijaribu kumshindilia protini nyumbani. Hiyo inaweza kuwa kwashiakoo, na ni dharura. Hospitalini huanza na maziwa maalumu yenye protini kidogo, chini ya gramu 1 kwa kila mililita 100, kwa sababu ini na figo za mtoto huyo haziwezi kuhimili mzigo wa ghafla. Chakula cha kumjengea mwili hufuata baadaye, hali yake ikishatulia.

Hatua ya 6: Gawanya kwa siku nzima

Kwa mtu mzima wa kawaida, gramu 20 hadi 30 kwa kila mlo mkuu ni lengo jepesi kukumbuka. Tabia iliyozoeleka ni kifungua kinywa cha chai na mkate, mchana wa haraka, kisha protini yote kurundikwa usiku. Kijana mwenye afya hatapata madhara makubwa kwa mpangilio huo, mradi jumla ya siku inatimia. Kwa mzee, hapana. Kipimo kidogo cha gramu 8 asubuhi huenda kisiamshe kabisa ujenzi wa misuli yake, kwa hiyo anza kurekebisha asubuhi: mayai, mtindi, au kunde zilizobaki za jana zikiwa zimepashwa moto.

Mzee akishiba haraka, abadilishe mpangilio wa kula: kunde au samaki kwanza, wanga baadaye. Asiye na meno apewe mayai ya kuvuruga, samaki asiye na miba, dengu zilizopondwa, maziwa yaliyokorogwa na siagi ya karanga. Na atembee. Protini bila misuli kufanyishwa kazi hujenga kidogo. Kuinuka kwenye kiti na kukaa tena, mara kadhaa kwa siku, ni zoezi tosha la kuanzia.

Anayetaka kupunguza uzito naye atafaidika na mgawanyo huu. Protini hukata njaa kwa muda mrefu, na mwili hutumia asilimia 20 hadi 30 ya kalori zake katika kuishughulikia tu.

Hatua ya 7: Pika inavyotakiwa

Mayai mabichi hayana nguvu zaidi ya yaliyopikwa. Utafiti uliofanyika Ubelgiji mwaka 1998 ulionyesha kwamba protini ya yai lililopikwa husagika kwa takriban asilimia 91, na ya bichi kwa takriban asilimia 51. Aidha ute mweupe mbichi una avidini, inayoing'ang'ania vitamini iitwayo biotini na kuizuia isifyonzwe, bila kusahau hatari ya salmonela.

Maharage mekundu mabichi au yaliyoiva nusu yana sumu iitwayo fitohemaglutinini, na punje chache tu huweza kuleta kutapika na kuharisha vibaya. Yaloweke angalau saa 5, mwaga maji hayo, tia mengine, kisha yachemshe yakitokota kweli kwa dakika zisizopungua 10; mimi ningesema 30. Moto mdogo usiofikia kutokota hauiondoi sumu hiyo. Baada ya hapo endelea kuyapika hadi yalainike. Soya nayo ipikwe vizuri, kwani ikiwa mbichi ina vizuizi vinavyozima vimeng'enya vya kusaga protini. Kuloweka hupunguza pia gesi tumboni, jambo linalowafanya wengi waache kunde. Anza na kiasi kidogo, ongeza polepole kwa wiki kadhaa.

Nyama za kusindikwa, kama soseji na bekoni, zisiwe chanzo chako cha kila siku. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliziweka kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Hatua ya 8: Amua kuhusu unga wa protini

Kijiko kimoja cha kupimia, kile kinachokuja ndani ya kopo la unga wa protini ya maziwa, huwa na gramu 20 hadi 25, sawa na mayai manne au kifua cha kuku cha gramu 75. Hauna kingine cha ziada. Unamfaa mzee asiyeweza kumaliza sahani, mgonjwa kwa ushauri wa daktari, na mwanamichezo asiye na muda wa kupika. Ambaye namba yake inatimia kwa chakula, unga huo utamwongezea urea kwenye mkojo.

Ukinunua, tafuta uliopimwa na maabara huru. Vipimo vya kawaida havihesabu protini moja kwa moja. Hupima nitrojeni, kisha huzidisha kwa 6.25. Mwanya huo ndio uliotumika China katika kashfa ya mwaka 2008, ambapo maziwa ya watoto yalitiwa melamini, kemikali yenye nitrojeni nyingi, ili yaonekane na protini. Watoto karibu 300,000 waliugua, na 6 walifariki.

Hatua ya 9: Jua nani asifuate namba hizi peke yake

Mwenye ugonjwa sugu wa figo anashauriwa kubaki karibu na gramu 0.8 kwa kilo, wakati mwingine chini ya hapo kwa usimamizi wa mtaalamu wa lishe. Akianza kusafishwa damu, ushauri hugeuka: sasa anahitaji 1.0 hadi 1.2, kwani usafishaji huo humpotezea protini. Ndugu wengi hawaambiwi mabadiliko hayo, wakaendelea kumnyima. Muulizeni daktari kwa namba kamili. Kwa mwenye figo nzima, hakuna ushahidi kwamba viwango nilivyotaja huziharibu. Ila kisukari na shinikizo la damu huziharibu kimyakimya, kwa hiyo mwenye magonjwa hayo apime figo kwanza kabla ya kupandisha protini.

Wenye ugonjwa wa kurithi wa fenilketonuria hawawezi kushughulikia fenilalanini na huhitaji mlo maalumu tangu utotoni. Wenye mzio wa karanga, mayai, maziwa, soya au samaki wachague vyanzo vingine kutoka kwenye orodha ya Hatua ya 3.

Baada ya wiki nne rudi kwenye karatasi yako. Jumlisha tena siku moja ya kawaida, pima uzito, na kwa mzee hesabu sekunde anazotumia kuinuka kwenye kiti mara tano bila kujishika. Namba ikitimia na sekunde zikipungua, endelea hivyo hivyo. Uzito ukizidi kushuka bila kukusudia, au miguu ikianza kuvimba, nenda ukaonwe na daktari wiki hiyohiyo.